Gari la Ufagio

Shimo lililokuwa mbele ya baraza ya Mama Pindo lilikuwa limetimiza miaka sita, na mtaa ulikuwa umelizoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi. Lilikuwa limevunja springi za magari, limemwaga ndoo za watu, limemtegua mguu mtu wa posta. Barua tatu ziliandikwa kwa manispaa kulishtaki, na zote tatu zilinyamaziwa. Kisha Jumatatu moja wakaja watu wenye kofia ngumu, wakalijaza kokoto, wakamwaga lami, wakashindilia, na kabla ya saa sita mchana walikuwa wameshaondoka. Hakuna aliyefurahi.

"Mtu hakuogeshi bure," alisema Gundi, akiitazama lami mpya ikitoa moshi. "Ukiona unaogeshwa, uliza kwanza unapelekwa wapi."

Gundi alikuwa fundi viatu, na baraza waliigawana: upande wa mlango yeye na kisanduku chake cha misumari, upande wa dirisha Mama Pindo na cherehani yake. Walimwita Gundi kwa ajili ya kazi yake, na kwa ajili ya tabia yake pia, maana akikaa kwako kwa mazungumzo humbandui. Mama Pindo naye hakuwa na mtoto anayeitwa Pindo, wala mtoto yeyote. Jina alipewa na wateja, kwa sababu hakuwahi kuitoa nguo mkononi mwake bila kuipiga pindo mara mbili. Ukimwambia una haraka, anakujibu kwamba haraka ni yako, pindo ni lake.

Sababu ya lami ilijulikana siku ile ile. Jumapili mbio kubwa za baiskeli zingepita mtaani kwao, watu zaidi ya mia kutoka nchi mbalimbali, wapande kilima chote mpaka kwenye tangi la maji, kisha washuke upande wa pili waende zao. Hilo ndilo lililozidisha mashaka. Kilima kile hata mkokoteni mtupu ulikikataa. Mtu mzima, mwenye akili zake na nauli yake, atoke kwao aje kukipanda kwa nguvu za miguu yake, wala huko juu hana mzigo wa kuuza? Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna jibu lililokuwa la heri. Mwenye duka la simenti alisema wanapima barabara ili ipanuliwe, nyumba za mbele ziende. Mama wa genge, aliyeuza mboga upande wa pili wa barabara, alisema watapigwa picha kutoka angani na wote wasio na vibali watajulikana. Gundi alisema hayo yote yanawezekana kwa pamoja.

Mama Pindo alisikiliza huku akikanyaga cherehani. Woga wake yeye ulikuwa mmoja. Miaka miwili nyuma manispaa ilifanya usafi wa mtaa, na usafi wenyewe ulikuwa lori na askari. Kilichokutwa barazani kilipakiwa. Yeye alikuwa ametoka kidogo kununua uzi. Aliporudi alikuta alama nne za miguu ya cherehani kwenye vumbi. Aliifuata mpaka kwenye yadi yao mara saba. Mara sita aliiona kupitia uzio, mara ya saba hakuiona. Hii ya sasa ilimlazimu auze kitanda na kabati, na hadi leo alikuwa akilala chini. Ikienda hii, hakuwa tena na cha kuuza.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo halikusemwa. Mama Pindo alikuwa na ndugu mmoja duniani, mdogo wake wa kiume, mtu wa miaka thelathini na mitano sasa, waliyemwita Kiraka kwa kuwa kila penye tundu la kibarua aliziba yeye: leo anapakua simenti, kesho anachimba mtaro, keshokutwa anabeba viti vya harusi. Alikula kwa dada yake mchana na jioni. Wiki moja baada ya lile lori, Gundi alimnong'oneza Mama Pindo kwamba kati ya vibarua waliokuwa wakipakia alimwona mtu wa umbo la Kiraka, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Siapi," alisema Gundi siku hiyo. "Umbo ni umbo tu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako."

Kiraka mwenyewe alisema alikuwa ng'ambo ya mji akipakua simenti. Dada yake hakumuuliza mara ya pili. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini yeye alijua kuna jibu ambalo likishatoka halirudi mdomoni, na ndugu alikuwa naye huyo huyo. Basi kwa miaka miwili alimpakulia chakula, akimtazama mikono.

Alhamisi likapita gari la matangazo, taratibu, dereva akiwa na hakika kwamba sasa hana shimo la kumsumbua.

"Wananchi mnatangaziwa," kilisema kipaza sauti, "siku ya Jumapili barabara hii itafungwa kuanzia saa tatu asubuhi. Nyuma ya msafara kutakuwa na gari la ufagio. Yeyote atakayeonekana ameshindwa kwenda na wenzake atapandishwa kwenye gari hilo pamoja na chombo chake. Gari la ufagio likishapita, barabara itakuwa huru. Ahsanteni kwa ushirikiano wenu."

Kwa watu wa baiskeli maneno hayo yana maana yake, tena maana ya huruma: ni gari linalofuata mbio kwa nyuma, kuwaokota waendeshaji waliochoka. Lakini mtaani pale hakukuwa na watu wa baiskeli, kulikuwa na watu wa vyombo. Cherehani ni chombo. Kalibu ya viatu ni chombo, mzani wa mama wa genge ni chombo. Na ufagio wa manispaa kila mmoja alikuwa ameshauonja.

"Mmesikia wenyewe," alisema Gundi. "Ameshindwa kwenda na wenzake. Mimi na goti hili nitakwenda na nani?"

"Pamoja na chombo chake," alisema mama wa genge.

"Safari hii wanatuchukua na sisi," alisema mwenye duka la simenti, ambaye hakuwa na cha kuchukuliwa barazani lakini hakupenda kuachwa nje ya msiba.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtaa ule ulikuwa umeumwa nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekwenda kuuliza ofisini. Ofisini ukienda kuuliza wanakuandika jina.

Mchana Kiraka alikuja kula kama kawaida. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akapokea bakuli lake, akala nusu ndipo akasema.

"Dada, Jumapili nimepata kibarua."

"Cha wapi?"

"Cha hizo mbio. Nitakuwa kwenye gari la ufagio."

Nyundo ya Gundi ilibaki juu. Mama Pindo aliendelea kukanyaga mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza.

"Kazi yenyewe nini?"

"Kushuka, kuchukua, kupakia."

"Kuchukua nini?"

Kiraka alitafuna kwanza. "Kitakachobaki nyuma. Ndivyo walivyosema. Sijaelezwa sana, dada. Wametupa na vizibao."

"Na wewe hukuuliza ni vitu gani."

"Kibarua ukikiuliza maswali kinakwenda kwa mwingine."

Alilisema hilo akilitazama bakuli. Gundi alikohoa kikohozi kisicho cha kifua. Kiraka alimaliza, akashukuru, akaondoka, na bakuli likabaki jeupe kama limeoshwa. Mwenye hatia hali hivi, Mama Pindo alijiambia. Halafu akajijibu mwenyewe: au ndivyo mdogo wangu alivyo, hata angekuwa na hatia ya mji mzima angemaliza chakula.

Jumamosi mtaa ulihama. Mama wa genge aliingiza mzani na meza zake nyumbani, chumba kikajaa hata mlango haufunguki vizuri. Gundi alibeba kalibu, nyundo, na viatu vya wateja, vingine mguu mmoja mmoja. Cherehani ililala, kama siku zote, ndani ya stoo ya duka la simenti, ambalo baraza ile ilikuwa yake, na mwenye duka alisema Jumapili hafungui, kwa hiyo ikae humo humo salama.

"Niachie ufunguo," Mama Pindo alimwambia.

Gundi alisubiri mwenye duka aondoke. "Unataka kuitoa kesho? Wewe umerogwa?"

"Nina sare za watu za kumaliza."

"Unamtegea mdogo wako."

"Ninashona," alisema Mama Pindo.

Lakini alikuwa anamtegea. Usiku huo alikuwa amechoka zaidi kukisia kuliko alivyochoka kulala chini. Cherehani itakaa wazi barazani, yenyewe peke yake mtaa mzima, na Kiraka atashuka kwenye gari lile mbele ya macho yake. Akiigusa, atajua. Akiipita, atamshukuru Mungu na kumwomba mdogo wake radhi kimoyomoyo, na Gundi hataruhusiwa kulitaja tena lile umbo. Alijua anachokiweka rehani ni mkate wake wote. Aliona afadhali hivyo.

Jumapili Mama Pindo aliitoa cherehani barazani, na saa tatu barabara ilifungwa kwa utepe mwekundu na mweupe. Helikopta ilizunguka juu, na mama wa genge akajifunika kanga usoni asipigwe picha. Pikipiki za askari zilipita, zikafuatwa na magari yenye baiskeli juu ya paa, kisha kimya. Saa nne. Saa tano. Jua lilipanda, na watu waliosimama nyuma ya utepe walianza kuhoji kama baiskeli zenyewe zipo.

Zilipofika zilikuja kwa mlio kama mvua inayohamia kwenye bati. Rangi zilipita, migongo imeinama, hakuna aliyetazama kulia wala kushoto, na mtu akipiga chafya mbili amekosa nusu yao. Mama Pindo, kwa mazoea ya kazi, aliona mishono ya zile nguo za kubana ilivyolala bapa, akajiuliza aliyewapima alisimama wapi.

"Ndiyo hao?" aliuliza Gundi. "Barabara imefungwa tangu asubuhi kwa ajili ya hao?"

Mmoja wao alirusha chupa pembeni. Ilibiringika mpaka kwenye mtaro, ina maji karibu nusu, chupa nzuri yenye mfuniko. Hakuna aliyeiokota.

"Mtu hatupi kitu kizima bila sababu," alisema mwenye duka la simenti, na watu wakasogea mbali nayo.

Wakaja wengine kwa makundi madogo, kisha wawili wawili, kisha mmoja mmoja, wanapumua kwa mdomo. Hao wa nyuma mtaa uliwapenda zaidi, maana angalau ulipata kuwaona nyuso. Halafu barabara ikawa tupu muda mrefu. Halafu, chini kabisa ya kilima, akaonekana wa mwisho.

Alikuwa akipanda kwa kuyumba, mara ukingo huu, mara ule, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Na nyuma yake, hatua kumi tu, kwa mwendo ule ule wa kuyumba, lilikuja gari jeupe lenye ubavu uliofungwa, na mbele yake, juu ya bampa, umesimamishwa ufagio. Ufagio kweli, wa mpini mrefu, umefungwa kwa kamba. Kwa wenye mbio ni utani wao wa miaka mingi. Mtaani pale haukumchekesha mtu.

"Hawaoni hata haya, hawaufichi," alisema mama wa genge.

Mbele ya baraza mwendesha baiskeli alisimama. Hakuanguka, miguu ilikataa tu, akashusha mmoja chini, akainamia usukani. Gari nalo likasimama. Akashuka ofisa mwenye filimbi shingoni, na nyuma yake Kiraka, kizibao cha rangi ya chungwa kikiwa kifupi kwake. Ofisa akasema neno, akamvua yule mtu namba iliyokuwa mgongoni. Kiraka akaishika baiskeli.

Mtaa ulikuwa umeiona picha hiyo. Mtu yuko kazini kwake, anahema, hajamkosea mtu. Gari linasimama, mmoja anamvua kibali, mwingine anachukua chombo. Utepe ulikatika bila mtu kujua nani aliukata.

"Mwacheni," alisema Gundi, na goti lake lilimfikisha wa kwanza. "Amewafanya nini? Si anakwenda?"

"Amechoka kidogo tu," alisema mama wa genge. "Mpeni maji aende. Kwani nani hachoki?"

Wakaishika baiskeli upande wa pili. Kiraka akavuta, wao wakavuta. Ofisa akapuliza filimbi, na filimbi ndiyo iliyoharibu kabisa, maana siku ya lori pia ilipulizwa.

"Niacheni nipande," alisema mwendesha baiskeli kwa sauti ya kukatika. "Jamani, nimeshindwa. Nataka kupanda gari."

"Wameshamtisha," alisema mwenye duka la simenti kwa huruma.

Mama Pindo hakukumbuka alivyoshuka barazani. Cherehani aliiacha nyuma peke yake, akapenya mpaka akasimama mbele ya mdogo wake, akaweka mkono juu ya tairi.

"Weka chini," alisema.

"Dada, niache nifanye kazi."

"Kazi ndiyo hii? Basi usihangaike na ya mgeni. Yangu ile pale barazani, nimekutolea. Nenda kaibebe."

Kiraka alitazama barazani, akaiona cherehani peke yake mahali ambapo pote pamefagiliwa, akaelewa imewekwa pale kwa ajili ya nani. Uso wake ulilegea kwa maumivu. Alisema upesi, kwa sauti ya kumbembeleza mtu aliyeumizwa:

"Hapana, dada. Leo hatuchukui vya watu. Leo siyo kama siku ile."

Watu waliendelea kuvuta baiskeli na kubishana na ofisa. Mama Pindo peke yake ndiye aliyesikia. Kazi yake ilikuwa kuona mahali uzi mmoja umeachia, na hapa aliuona: hatuchukui. Hakusema hawachukui.

"Siku ile akina nani walichukua?" aliuliza.

Kiraka alifungua mdomo.

"Ulikuwa ng'ambo ya mji," alisema dada yake. "Ulikuwa unapakua simenti. Uliniambia."

"Sikujua ni mtaa huu," alisema Kiraka. Mikono yake ilikuwa bado juu ya usukani. "Walitupakia alfajiri, hawakutuambia tunakwenda wapi. Nilijua lori lilipokata kona pale."

"Ukashuka."

"Nikashuka."

"Nani aliibeba?"

Aliitazama mikono yake juu ya usukani, na Gundi, aliyekuwa karibu na amesikia, aliachia baiskeli. Mmoja baada ya mwingine wakaachia. Ofisa alipata nafasi ya kueleza, akaeleza mara mbili: gari ni la kuwasaidia waliochoka, chombo ni baiskeli, hakuna wa mtaani atakayeguswa. Mama wa genge aliuliza mbona wasiseme tangu Alhamisi. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi wakacheka, na mwendesha baiskeli, aliyekwisha kusahauliwa, akajipandisha mwenyewe garini, akakaa, akashusha pumzi kama mtu aliyefika kwao.

"Mimi na mwenzangu tuliibeba," alisema Kiraka taratibu. "Mimi nilishika upande wa gurudumu. Nilitaka kukwambia, dada. Kila siku nilikuwa nakuja nikisema leo nitamwambia."

"Ukawa unakula."

"Ningekataa wangemchukua mtu mwingine, na cherehani ingekwenda vilevile."

"Ingekwenda," alisema Mama Pindo. "Lakini huyo mtu mwingine nisingempikia miaka miwili."

Dereva alipiga honi, ofisa akamwita Kiraka, wewe, twende, tunachelewa. Akainua baiskeli kwa uangalifu, akaipakia, akapanda, na mgeni wake akasogea kumpa nafasi. Gari likaanza tena kukipanda kilima, polepole, nyuma ya watu wote.

Watu walianza kurudisha vyombo vyao barazani huku wakitaniana kwa woga waliokuwa nao, kila mmoja akidai alijua tangu mwanzo. Hakuna kilichopotea mtaani siku ile. Mama Pindo alipanda ngazi, akakuta cherehani ikiwa pale pale alipoiacha, haijaguswa na mtu. Akakaa mbele yake, akalia.